Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wetu mapema kabisa, imo ile isemayo kwamba mjumbe hauawi. Maana yake huielezwa kwa dakika tano: aliyetumwa kupeleka maneno hana hatia kwa maneno hayo, basi asidhuriwe. Kisha tunafuta ubao na kuendelea na methali nyingine. Kwa muda wa miaka ishirini tumeifundisha hivyo, wala hatukutambua kwamba tumeiacha nusu. Aliyetuamsha hakuwa mwalimu wala mwanachuo, bali mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, auzaye ndagala sokoni. Mwanawe, ambaye tulimfundisha sisi wenyewe, alikuwa amerudi kutoka Ulaya alikokwenda kusomea shahada ya uzamili katika mambo ya kimataifa. Twaiandika habari hiyo kwa sababu swali alilouliza mama yule lawahusu wasomaji wa jarida hili kuliko wanavyodhani, nalo ni hili: mtu anayejifunza kusema kwa niaba ya watu, ana deni gani kwa watu hao?

Yafaa kwanza tueleze masomo hayo ni masomo gani, maana wengi wetu huyasikia kwa jina tu. Si elimu ya kale kama sheria au utabibu. Kiti cha kwanza cha profesa wa siasa ya kimataifa kiliwekwa mwaka 1919 katika chuo cha Aberystwyth, nchini Wales, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1927 ilianzishwa taasisi ya elimu hiyo mjini Geneva, penye makao ya Shirikisho la Mataifa la wakati ule. Mwaka 1946, vita vya pili vilipokuwa vimekwisha, Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York nacho kilifungua shule yake. Elimu hii, basi, ilizaliwa na kilio. Watu walikwisha kuzika vijana wao kwa mamilioni, wakajiuliza kama hakuna namna ya kuwafundisha wengine ili wasiwaingize tena wenzao katika maafa kama yale. Mwanafunzi wa shahada hiyo hukaa mwaka mmoja au miwili, akajifunza sheria ya mataifa, historia ya mikataba, biashara na fedha baina ya nchi, ufundi wa kupatana, na aghalabu lugha ya kigeni. Mwishoni huandika tasnifu. Hufunzwa ili siku moja aketi penye meza ambapo hatima ya watu wasiokuwapo huamuliwa.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wanaokwenda kusoma. Afrika ya Mashariki ina mfano mwema. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1942, alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964, akiwa kijana wa miaka 22. Baadaye, akiwa mwakilishi wa Tanzania nchini India, alisoma katika Chuo Kikuu cha Delhi. Na alipokuwa Umoja wa Mataifa mjini New York, ambako aliiwakilisha nchi yake kuanzia mwaka 1970 hadi 1980, alipata shahada ya uzamili katika mambo ya kimataifa huko Columbia. Kisha akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1989 hadi 2001. Tuangalie mpangilio wa maisha hayo. Huyu alitumwa kwanza, akasoma baadaye. Alipoketi darasani alikwisha kujua anasema kwa niaba ya nani, kwa kuwa jioni ile ile alikuwa na barua ya kuijibu kutoka nyumbani. Vijana wetu walio wengi huenda kinyume chake: husoma kwanza, wakingoja kutumwa, na wengine hawatumwi kamwe, bali huajiriwa na yeyote atakayewahitaji. Kwa hiyo lile swali la nani amekutuma huweza kumpita mtu mwaka wa kwanza na wa pili asikutane nalo, ingawa amefaulu mitihani yote.

Sasa turudi Buyenzi. Kijana wetu alipowasili, jamaa walikusanyika nyumbani kwa mama yake, pakaliwa na kunywewa. Baada ya chakula mjomba wake alimtaka awaeleze wazee ni kitu gani alichokisoma muda wote ule. Kijana alianza kwa Kiswahili kizuri, akasema kwamba ameandika juu ya wakimbizi wa eneo hili la Maziwa Makuu na kurudi kwao makwao. Baada ya sentensi ya pili au ya tatu maneno yakamwishia, akaingia katika Kifaransa, na wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa adabu kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dini isiyo yao. Alipoona hivyo alirudi kwenye Kiswahili ili afupishe, akasema kwamba kwa mujibu wa sheria mkimbizi hurudi kwa hiari.

Hapo hakukosea. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, wasema katika ibara yake ya tano kwamba hiari ya mkimbizi katika kurudi lazima iheshimiwe, na kwamba asirudishwe mtu asiyetaka. Lakini mama yake alikuwa amekaa miaka mingi katika kambi mojawapo ya mkoa wa Kigoma, na kijana mwenyewe alianzia shule huko.

"Mwanangu, hiari ya nani?" mama aliuliza.

"Ya mkimbizi mwenyewe, mama. Ndivyo mkataba usemavyo."

"Sisi tulipotoka tulikuwa tumekwisha kuambiwa kambi inafungwa. Mtu akiezuliwa paa la nyumba yake akatoka nje, wewe katika kitabu chako umeandika kwamba ametoka kwa hiari?"

Kijana akanyamaza. Mama akaongeza neno moja tu, bila hasira: "Na huko ulikokuwa ukisema habari zetu, nani alikutuma?"

Kesho yake alasiri kijana alifika kwetu na tasnifu yake kwapani. Tulidhani amekuja kulalamika kwamba watu wa nyumbani hawamwelewi, kama wafanyavyo wengi. Sivyo. "Mwalimu," alisema, "sura ya tatu yote ni maneno yale ya mama. Nimeandika kurasa nzima kwamba kurudi baada ya hadhi ya ukimbizi kukomeshwa si kurudi kwa hiari, na kwamba tofauti hiyo isifichwe. Jana nilikuwa upande wake, nami sikuweza kumwambia."

Wasomaji watafakari jambo hilo. Laiti kijana yule angekuwa mjinga, au angekuwa amesoma mambo ya bure, habari hii isingekuwa na uzito. Lakini alisoma vizuri. Aliwatetea watu wake mbele ya maprofesa, akashinda; kisha mbele ya mama yake mzazi akaonekana kuwa mpinzani wake, kwa sababu utetezi ulikuwa katika lugha moja na mteteaji alirudi nyumbani kwa lugha nyingine.

Tukaketi pamoja ili tuuweke kwa Kiswahili ukurasa mmoja tu, ule wenye kiini cha hoja. Tulidhani kazi hiyo itachukua saa moja. Ilituchukua jioni tatu. Na tukiri mbele ya wenzetu: aliyekwama zaidi hakuwa kijana, ni sisi. Tulikuwa tumemfundisha ngeli, ushairi, na methali zaidi ya mia. Hatukuwahi hata siku moja kuingia darasani na ibara ya mkataba, tukawauliza wanafunzi: hapa aliyeandika ameahidi nini, na amejiachia mlango upi?

Jioni ya pili lugha yenyewe ilitusaidia. Tulikuwa tukitafuta namna ya kutofautisha mtu anayetaka kurudi na mtu asiyepinga kurudishwa. Kijana alisema kwamba neno la Kifaransa alilolitumia latokana na utashi, na utashi hausemi njia zilikuwa ngapi. Tukamwandikia maneno mawili: hiari na ridhaa. Mtu aweza kuridhia jambo moja tu lililowekwa mbele yake. Huweza kuliridhia hata kwa uchovu. Lakini hiari ni uchaguzi, na uchaguzi wahitaji mambo mawili. Penye njia moja hapana hiari, ijapokuwa mtu ametembea kwa miguu yake mwenyewe bila kusukumwa. Kijana aliyatazama maneno yale kwa kitambo, akasema kwamba katika tasnifu yake alihitaji kurasa kumi na nne kulisema hilo. Mama yake alikuwa amelisema kwa maneno matatu: "Hiari ya nani?"

Jioni ya tatu aliupeleka ukurasa nyumbani, akamsomea. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Hapo umesema kweli. Lakini hukuandika habari za shamba. Mtu alirudi akakuta shamba lake lina mtu mwingine, naye ana watoto. Hiari ya kurudi wapi?" Kijana akatueleza baadaye kwamba swali la ardhi alikuwa ameligusa katika tanbihi moja tu, na kwamba, lau angemsomea mama yake kabla ya kuitetea kazi yake, tanbihi ile ingekuwa sura.

Kutokana na tukio hilo twaweza kulikabili swali letu. Methali yetu, nusu yake tunayoifundisha, imekwisha kuwa sheria ya dunia nzima. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi wasema katika ibara ya 29 kwamba mwili wa mwanadiplomasia hauguswi, wala hakamatwi. Sheria hiyo humlinda mjumbe dhidi ya wale aliopelekwa kwao. Lakini ni nani awalindaye waliotuma dhidi ya mjumbe wao? Yeye aweza kusema wasiyomtuma, akaahidi wasichonacho, akasahau walichomwambia. Hakuna kinga nyingine ila moja: kwamba arudi, aketi, aulizwe, ajibu kwa maneno wanayoyaelewa. Mjumbe hauawi, lakini huulizwa. Asiyeulizika si mjumbe tena. Ni dalali, auzaye mali ambayo mwenyewe hajui bei iliyokubaliwa.

Tena Kiswahili kililijua jambo hili kabla yetu. Katika Tanzania ya miaka ya 1960, chama cha TANU kilipowapanga wanachama wake katika nyumba kumi kumi, kiongozi wa nyumba hizo aliitwa mjumbe, na watu wengi wakamwita balozi. Neno hilo hilo humtaja yule anayepeperusha bendera garini mjini New York au Paris. Wageni huenda wakaona ni upungufu wa msamiati. Sisi twaona kuna fundisho. Balozi wa nyumba kumi hawezi kujificha. Akienda mkutanoni kusema kwamba watu wake wamekubali kuchimba mtaro, asubuhi atakutana nao kisimani, na atakayekuwa hakukubali atamwuliza papo hapo. Anayewakilisha mamilioni hana kisima cha namna hiyo. Hana budi kukichimba mwenyewe kwa hiari yake.

Historia yatuonyesha hasara inayoweza kutokea pale maneno yanapogawanyika. Mwaka 1889 Menelik wa Pili wa Ethiopia alipatana na Italia katika mkataba wa Wuchale, ulioandikwa kwa lugha mbili. Katika ibara ya 17, maandishi ya Kiamhara yalisema kwamba Mfalme aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Maandishi ya Kiitaliano yalimfunga kufanya hivyo. Kati ya kuweza na kulazimika palikuwa na uhuru wa nchi nzima. Ugomvi huo ulifika hadi vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambapo majeshi ya Italia yalishindwa. Jambo la kutazama ni kwamba Menelik alikuwa na nakala kwa lugha yake. Aliweza kusema: sivyo tulivyopatana. Watawala wangapi wa Afrika katika miaka ile ile waliweka alama zao chini ya karatasi wasiyoweza kuisoma, wakaambiwa baadaye kwamba wametoa nchi?

Hapana shaka watakuwapo watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba diplomasia yataka siri. Ni kweli: wapatanishi hawawezi kupatana sokoni, na maneno mengi husemwa faraghani ili watu wapate kubadili msimamo bila aibu. Lakini siri ya mazungumzo ni jambo moja, na siri ya maana ni jambo jingine. Mtu aweza kunificha namna walivyobishana usiku. Hawezi kunificha nini amekubali kwa jina langu.

Wa pili watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imechoka. Tunayo mkataba, itifaki, dhamana, suluhu, usuluhishi, mpaka, amana. Hata lile neno la Kilatini ambalo kwalo taifa moja kubwa huweza kuzuia uamuzi wa Baraza la Usalama, sisi tuliliita kura ya turufu, tukalitoa katika mchezo wa karata. Kilatini husema tu "nakataza". Kiswahili chaeleza kwamba kuna karata moja izidiyo zote, na kwamba si kila mchezaji aliyegawiwa. Upungufu upo, lakini haumo katika lugha bali katika mazoea yetu ya kuitumia.

Wa tatu watatukumbusha kwamba Kiswahili si lugha ya kila mtu. Hapa twawakubalia kabisa. Katika nchi yetu ya Burundi watu wengi husema Kirundi nyumbani, na kijana mwingine atadaiwa ajibu kwa Kirundi, kama vile wa nchi nyingine atakavyodaiwa kwa Kiluganda au Kilingala. Tusije tukageuza wajibu wa mjumbe kuwa biashara ya walimu wa Kiswahili. Deni ni la lugha ya aliyetuma, iwayo yote.

Hoja ya nne hakuna atakayetuambia waziwazi, kwa hiyo tuiseme wenyewe. Sisi tulioishia katika stashahada ya ualimu, je, hatuwasemi wenye shahada ya uzamili kwa wivu? Tumejichunguza. Kijana wetu alipotuletea habari kwamba amepata nafasi, tulifurahi, na chini ya furaha palikuwa na kitu kingine ambacho hatukukipa jina. Pengine kitu hicho kingalipo. Lakini jioni zile tatu zilitufunza kwamba deni hili si la msomi peke yake. Yeye alikosa maneno kwa kuwa sisi hatukumpa.

Mambo mengi yamebadilika kwa heri. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Tumeshangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini lugha kuingia ukumbini si sawa na habari za ukumbini kutoka nje. Hotuba ya Kiswahili yaweza kuwa pambo kama lilivyo pambo la ngoma kiwanjani wageni wanaposhuka. Kinachotakiwa ni ukurasa ule mmoja unaosomwa nyumbani.

Basi tungependa kuwapa wenzetu wa chama pendekezo dogo. Katika muhula ujao, kila mwalimu wa kidato cha juu na achague ibara moja ya mkataba unaoigusa nchi yake: wa wakimbizi, wa ziwa, wa mpaka au wa biashara. Aiweke kwa Kiswahili pamoja na wanafunzi wake, kisha awatume wakaisome nyumbani na kurudi na maswali waliyoulizwa. Wengi wao hawatakwenda kusoma mambo ya kimataifa. Wachache watakwenda, nao watakuwa wamekwisha kuulizwa mara moja kabla ya kuondoka.

Kijana wetu hadi leo hajapata kazi anayoitafuta. Lakini kila Jumamosi alasiri huketi barazani kwa mama yake, akiendelea na sura ya tatu kwa Kiswahili, na habari za shamba sasa zimo. Alipotuonyesha sehemu aliyokwisha kuiandika, tuliona kwamba ukurasa wa kwanza, mahali ambapo waandishi huweka shukrani, ameandika jibu la swali aliloulizwa usiku ule: jina la mama yake, na chini yake maneno mawili, "Ndiye aliyenituma."